Kuvusha jeraniamu masika: mwongozo kamili kwa bustani za Pemba na Unguja

Jeraniamu zangu za kwanza zilikuwa kopo saba. Nilizipanga ukingoni mwa baraza hapa Wete mwezi wa Disemba, na hadi mwisho wa Februari watu waliotoka msikitini walikuwa wakisimama kuziangalia, nyekundu na za waridi, zimejaa mpaka majani hayaonekani. Masika yakaingia. Nikaona heri, mvua ya Mungu ni bora kuliko maji ya ndoo, nikaziacha palepale. Kufikia katikati ya Mei sikubakiwa na hata moja. Shina lilianza kuwa jeusi pale linapogusana na udongo, weusi ukapanda kidogo kidogo kama wino unavyopanda kwenye karatasi, na nilipolibana kwa vidole likabonyea kama ndizi iliyoiva mno.

Shangazi yangu, ambaye maisha yake yote ameanika karafuu, alikuja akanikuta nayamwaga yale makopo. Akaniuliza, "Mwanangu, wewe mvua ikitanda karafuu unaziacha kwenye jamvi?" Nikamjibu, "Hapana, shangazi, zitaharibika, zitakuwa mpeta." Akasema, "Basi na haya nayo yangetiwa ndani."

Kwa maneno machache hayo alinipa kile nilichokuwa nikikitafuta kwenye intaneti bila kukipata. Maelezo mengi yaliyoandikwa juu ya kuhifadhi jeraniamu yanatoka nchi za baridi. Huko watu huzing'oa kabla ya baridi ya kugandisha, huzipunguza, huziweka kwenye vyumba vya chini vya nyumba, wengine hata huziingiza kwenye mifuko ya karatasi zikiwa na mizizi mitupu mpaka baridi iishe. Sisi hatuna barafu ya kuikimbia, lakini ndani ya ushauri ule mna jambo moja linalotuhusu sawasawa: mmea huu ukifika msimu usioupenda, hutakiwa upumzishwe ukiwa mkavu. Wao wanauficha na baridi, sisi tunauficha na mvua.

Jua kwanza unacholea

Tunachokiita jeraniamu hapa kwetu, kwa majina ya wataalamu wa mimea ni pelagoniamu. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1753 aliitia mimea hii yote kwenye kundi moja la jeraniamu. Mwaka 1789 Mfaransa L'Héritier akayatenga makundi mawili, lakini jina la zamani lilishazoeleka. Majina yote mawili yametokana na Kigiriki, moja kwa ndege wa aina moja na jingine kwa ndege wa aina nyingine, ila kwa Kiswahili wote hao twawaita korongo, kwa hiyo sisi hatuna ugomvi. Ukilitazama tunda lake likikomaa utauona mdomo mrefu wa korongo wazi kabisa.

Kuzitofautisha ni rahisi: jeraniamu halisi ina petali tano zilizo sawa, pelagoniamu ina petali mbili za juu ambazo hazifanani na tatu za chini. Jeraniamu halisi ni mmea wa nchi za baridi, na sikushauri uhangaike nayo Pemba. Pelagoniamu asili yake kubwa ni Afrika Kusini. Shina lake ni nene kwa sababu linaweka akiba ya maji ya siku za ukame. Mmea wenye akiba mwilini ukisimamishwa kwenye udongo uliolowa wiki sita mfululizo, tena katika joto letu, mizizi hukosa hewa na kuoza. Kila hatua iliyomo humu imetokana na hilo.

Utakutana na aina nne. Yenye pete, ile ambayo jani lake ni la mviringo na lina alama nyeusi kama pete katikati, ndiyo inayovumilia joto vizuri kati ya zile za maua makubwa, na kama ndiyo unaanza, anza nayo. Ya kutambaa ina majani yanayong'aa, hupendeza ikining'inia kwenye roshani, lakini inataka kivuli zaidi na hukasirishwa upesi na unyevu. Ya harufu, hasa ile yenye kunukia waridi, maua yake ni madogo ila jani ukilisugua chumba kizima kinajua. Ndiyo inayolimwa kwa mafuta kule kisiwani Réunion, na mimi huchuma jani moja nikalifunga kwenye kikuba pamoja na asmini na mrehani. Nikutahadharishe hapohapo: kuna aina ya harufu inayouzwa kwa maneno kwamba hufukuza mbu. Ukiiweka tu dirishani haifukuzi mbu. Endelea na chandarua.

Aina ya nne ni ya kifalme, yenye maua makubwa yaliyopakwa rangi mbili. Ukiiona kwenye picha, iangalie hapohapo kwenye picha. Ili itunge maua inahitaji wiki kadhaa za usiku wenye baridi ya nyuzi 15 hivi au chini yake, na usiku wetu haufiki huko hata katikati ya kipupwe. Utanunua iliyokwisha chanua, itamaliza maua yake, kisha utabaki na majani.

Februari: chukua vipandikizi kabla ya jambo lolote

Watu wengi huanza na mmea mama: nauweka wapi, naufunika na nini. Mimi naanza na watoto. Mama anaweza kuoza hata ukifanya kila kitu vizuri, lakini vipandikizi vitano vya kila rangi, vikiwa na mizizi kabla ya mvua ya kwanza, vinakuhakikishia kwamba rangi ile haipotei. Kipandikizi kidogo kwenye kikopo kidogo pia huvushwa kwa urahisi kuliko mmea mkubwa, kwa kuwa udongo wake mchache hukauka haraka.

Fanya kazi hii katikati ya Februari, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Chagua tawi lisilo na ua, lenye afya, rangi ya kijani iliyoiva, si ile ncha laini inayovunjika kama mchicha. Kata urefu wa sentimita 8 hadi 10, kisu kipite chini kidogo ya kifundo. Kisu kiwe kimefutwa kwa spiriti, na ukifute tena kila unapohamia mmea mwingine. Toa majani yote ya chini, ubakishe mawili au matatu ya juu. Sasa angalia kwa karibu pale jani lilipokuwa limeshika: kuna vijani viwili vidogo vya ncha kali vimekaa kama mabawa ya panzi. Watu huviacha, na hivyo ndivyo huanza kuoza vikiguswa na udongo. Viondoe kwa kucha.

Kisha usikipande! Kiweke kivulini juu ya karatasi kavu kuanzia asubuhi hadi jioni, au hadi kesho yake. Kidonda kitakauka na kuota kigozi cheupe. Bila kigozi hicho kidonda kibichi kinaingia kwenye udongo wenye unyevu, na kwa joto la Februari uozo hauchelewi.

Jioni, chukua vikopo vidogo (hata vya mtindi vinafaa, ukivitoboa chini), jaza mchanga uliochanganywa na makumbi, toboa shimo kwa kijiti, kiingize kipandikizi sentimita 3, kandamiza pembeni. Mwagia mara moja, maji yatoke chini. Baada ya hapo usimwagie tena mpaka juu pawe pakavu kabisa. Usikifunike kwa mfuko wa plastiki: mimea mingine hufunikwa, huu haupendi, unaoza chini ya jasho lake wenyewe. Weka mahali penye mwanga lakini pasipopigwa na jua la mchana. Wiki ya tatu au ya nne livute jani moja polepole. Kipandikizi kikikataa kuja, mizizi imeshashika.

Huna haja ya kununua dawa ya kuotesha mizizi. Pelagoniamu ni hodari wa mizizi bila kusaidiwa.

Chombo na udongo

Hapa sitapita haraka, maana jeraniamu nyingi za kwetu hufia kwenye kopo kabla hazijafia kwenye mvua.

Chombo kiwe kidogo kuliko unavyofikiri. Kwa mmea mmoja mkubwa upana wa sentimita 15 unatosha. Ndoo ya rangi ya lita 20 inabeba udongo mwingi ambao mizizi haiufikii, nao unakaa na maji kama kinamasi. Chungu cha udongo kinapumua na ni kizuri kuliko plastiki, lakini plastiki nayo inafaa ukiitoboa ipasavyo: pasha moto msumari wa inchi nne, toboa matundu matano chini na mengine matatu ubavuni, karibu na chini. Yale ya ubavuni ndiyo yanayookoa siku kitako kimekaa juu ya sakafu iliyolowa.

Kuweka kokoto chini ya kopo hakusaidii, ingawa sote tumefundishwa hivyo. Maji hayashuki kwenye kokoto mpaka udongo wa juu yake uwe umeshiba kabisa, kwa hiyo unachofanya ni kupandisha tope karibu na mizizi. Weka kigae kimoja tu juu ya tundu ili udongo usimwagike.

Udongo wa shambani, hasa huu wetu mzito wa kinamo, usiutie peke yake. Mchanganyiko wangu ni makopo matatu ya makumbi yaliyochambuliwa na kukatwakatwa, makopo mawili ya mchanga, kopo moja la samadi ya ng'ombe iliyooza mpaka haina harufu, na konzi mbili za vipande vya makaa vyenye ukubwa wa punje ya hindi. Ukipata kumvi za mpunga kwenye mashine ya kukoboa, zinaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya mchanga.

Kuna mambo mawili ya kwetu tu, na huwezi kuyasoma kwenye vitabu vya wenzetu. La kwanza ni chumvi. Makumbi yanayotoka ufukweni, yale yaliyofukiwa ili yalainike kwa kusokota kamba, yamekunywa maji ya bahari. Yaroweke kwenye maji baridi usiku kucha, umwage, urudie mara tatu. Mchanga nao uwe wa shimoni. Wa pwani una chumvi na vipande vya makome. La pili ni chokaa. Changarawe za matumbawe ni chokaa tupu, na jeraniamu inataka udongo wenye uchachu kidogo. Ukiweka matumbawe ndani ya kopo utaona majani machanga yanageuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Jivu la jikoni hufanya vilevile, basi likitiwa liwe kijiko kimoja kwa kopo, lisizidi. Na kama birika lako la chai huota ukoko mweupe ndani, maji yako yana chokaa nyingi: kinga maji ya mvua kwenye pipa, ulifunike kwa kitambaa mbu wasizae humo.

Kuujua udongo kama uko sawa, ulowanishe, uchukue konzi moja, ukamue, ufungue mkono. Ukishikana kama tonge la ugali, ongeza mchanga. Ukishikana kisha ukaporomoka ulipougusa kwa kidole, umefika. Halafu uweke kwenye beseni, umwagie maji yanayochemka, uuache upoe siku nzima. Hiyo hupunguza mayai ya wadudu na vimelea vya kuoza.

Usiuchukue kabisa udongo uliowahi kupandwa tungule, bilingani, pilipili au mbatata. Sababu nitaieleza kwenye magonjwa.

Machi: punguza, kisha hamisha

Mvua kubwa za masika huja Machi, zikapamba moto Aprili na Mei. Mimi sisubiri wingu. Wiki ya kwanza ya Machi natoa maua yote na vikonyo vyake, hata yaliyo mazuri, nayatia kwenye glasi ya maji mezani. Kisha napunguza matawi kwa thuluthi moja, kila kata ikipita juu kidogo ya kifundo. Wenzetu wa nchi za baridi hukata nusu au zaidi, kwa kuwa mmea wao unakwenda kulala. Wetu haulali: joto likiwepo unaendelea kupumua na kula akiba yake, kwa hiyo ukiunyang'anya majani yote unaufanya ufe njaa. Ndiyo sababu pia ule ujuzi wa kuzihifadhi zikiwa mizizi mitupu haufai huku. Ndani ya mfuko, kwa nyuzi 28, utapata ama kijiti kikavu ama uji.

Baada ya kukata, siku tatu pasidondoke tone la maji juu ya vidonda.

Sasa mahali pa kuzipeleka. Mvua za masika huja na kusi, nayo kusi inaipiga mvua mshazari hata ikaingia hatua mbili ndani ya baraza. Kwa hiyo ukuta wa nyumba unapaswa kuwa kati ya kusi na kopo zako. Upande huo ni wa kibla, yaani kaskazini. Na ina faida nyingine ambayo wengi hawaifikirii: Pemba iko karibu nyuzi 5 kusini ya ikweta, na kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba jua la mchana hupita kaskazini yetu. Baraza inayotazama kibla, basi, inapata mwanga na wakati huohuo imeipa mgongo mvua. Ukisoma ushauri wa Uingereza watakuambia dirisha la kusini. Kwa kwao ni kweli, kwako geuza.

Zisikae chini ya mchirizi wa bati, hata kama zimekingwa vingine. Zipandishe juu ya matofali au ubao, shubiri moja kutoka sakafuni, na kati ya kopo na kopo pia acha shubiri ili upepo upite. Zikigusana majani hayakauki. Kama nafasi ni ndogo, ile susu ya zamani ya kuwekea chakula, iliyosokotwa kwa kamba, inabeba vikopo vitatu vya vipandikizi vizuri kabisa, na hewa inapita pande zote. Kwa wanaokaa Mji Mkongwe, roshani iliyofunikwa ni mahali pazuri mno, mradi isiwe imezibwa mwanga na jengo la pili. Ndani ya chumba chenye giza usiziweke. Zitarefuka, zipauke, zilegee. Zinahitaji mwanga mzuri walau saa nne, na mawingu ya Aprili yanapunguza hata huo.

Maji ya masika, kwa kijiti cha mishkaki

Hewa ya Aprili imejaa maji, kopo linakaa siku nyingi bila kukauka, na mkono wetu umezoea kumwagia kila jioni. Mazoea hayo ndiyo ya kuacha.

Weka kijiti cha mishkaki karibu na kopo zako. Kichome kwenye udongo mpaka chini, kiache dakika kumi, kichomoe ukitazame na ukiguse mdomoni. Kikitoka na rangi iliyoiva na ubaridi, ondoka. Kikitoka kikavu, kimeng'ang'aniwa na vumbi tu, mwagia kikombe kimoja cha chai, pembeni, bila kulowesha majani wala shina, asubuhi. Maji yatakayotoka kwenye kisahani yamwage. Kwangu mimi katika Aprili na Mei inakuwa mara moja kwa siku nane hadi kumi, lakini usihesabu siku zangu, amini kijiti chako.

Baada ya wiki mbili tatu mkono utajifunza uzito. Kopo lenye maji na kopo kavu hayapimiki sawa, na utakuwa ukiinua tu na kujua. Jani likilegea kidogo mchana mmea haufi. Mmea huu husamehe kiu, hausamehi tope.

Mbolea: hakuna. Kuanzia Machi hadi Mei usitie chochote.

Mara mbili kwa juma pitia kila kopo, uondoe jani lililopata manjano na petali zilizoangukia majani. Petali iliyolowa ikikaa juu ya jani huota ukungu wa kijivu, na ukungu huo hula jani lililo chini yake.

Ukiona hivi, fanya hivi

Shina jeusi linaloanzia chini ni lile lililoniulia kopo saba. Husababishwa na kimelea kinachoenea kwa maji yaliyotuama. Chini hapaponi. Lakini kama juu bado kugumu na kijani, kata mbali na weusi, tazama kidonda: kikiwa cheupe chenye kijani safi duara zima, kianike na kukipanda kama kipandikizi. Kikiwa na doa la hudhurungi katikati, sogea juu tena ukate.

Mnyauko wa bakteria ndio unaoniogopesha zaidi. Mmea unanyauka ilhali udongo una unyevu, upande mmoja kwanza, majani yanapata manjano yenye umbo la pembetatu kuanzia ukingoni. Kata kipande cha shina, kining'inize kwenye glasi ya maji safi, usiitikise. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye kidonda, ni bakteria anayekaa kwenye udongo, yuleyule anayenyausha tungule na mbatata. Hana dawa. Toa mmea na udongo wake wote, choma mmea, udongo ufukie mbali na bustani, kopo lisugue kwa sabuni na ulianike juani. Anaweza kusafiri ndani ya kipandikizi kisichoonyesha dalili yoyote: mwaka 2003 alifika Marekani ndani ya vipandikizi vya jeraniamu vilivyotoka Kenya. Kwa hiyo mmea mpya, hata zawadi kutoka Lushoto au Arusha, kwanza upitishe kwa wakaguzi wa mimea bandarini, kisha ukae peke yake wiki nne kabla ya kuuchanganya na mingine.

Vipele vigumu kama kizibo chini ya majani ya ile ya kutambaa si ugonjwa. Mizizi imekunywa kuliko majani yanavyoweza kutoa jasho. Punguza maji, ongeza upepo.

Kutu huonekana kama vidoa vya manjano juu ya jani, na chini yake duara za vumbi la hudhurungi. Chuma majani hayo, na yaliyobaki usiyamwagie maji.

Vidung'ata, wale weupe kama pamba kwenye vifundo, futa kwa pamba yenye spiriti mmoja mmoja. Inzi weupe wapulizie maji ya sabuni, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja, chini ya majani, jioni. Viwavi na konokono watafute usiku kwa kurunzi; masika ndiyo sikukuu yao, na konokono mmoja mkubwa anamaliza vipandikizi vyote kabla ya alfajiri.

Juni: kuzirudisha nje

Mvua ikikatika na upepo wa kipupwe ukianza kuwa mkavu, kwangu huwa wiki ya kwanza au ya pili ya Juni, anza kuzitoa. Polepole: siku tatu jua la asubuhi hadi saa tatu, siku tatu hadi saa nne na nusu, kisha uziache. Majani yaliyokulia kivulini yakipigwa ghafla na jua la mchana huungua madoa meupe. Mvua za mchoo zikipita, za nusu saa kisha jua, si za kuhofia kama udongo wako unapitisha maji.

Vipandikizi vya Februari vihamishie kwenye kopo za sentimita 12. Zile mama zitoe uangalie mizizi. Myeupe na imara irudishe na udongo mpya, ya kahawia na laini ikate. Kila tawi likitoa majani manne mapya, chuna ncha yake kwa kucha ili ligawanyike. Hapo ndipo mbolea inarudi: ya maji, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kila wiki mbili. Ikizidi nitrojeni utapata majani kama kabichi bila ua, kwa hivyo tafuta yenye potasiamu nyingi.

Ukichuna ncha mwanzoni mwa Juni, subiri maua mwishoni mwa Julai na Agosti. Huo ndio msimu wake hasa kwetu, usiku una ubaridi na hewa haina jasho.

Vuli haina utisho wa masika. Zisogeze tu ndani ya baraza mvua ikianza. Kiangazi cha Januari na Februari zipe kivuli kuanzia saa tano, na kopo jeusi la plastiki livalishe gunia au pakacha lisichemshe mizizi. Majani machanga yakitoka meupe-meupe kipindi hicho usiongeze mbolea. Ni joto, yatarejea rangi.

Mama akifika mwaka wa tatu shina huwa gumu kama kuni na maua hupungua. Mimi humwondoa mwezi wa Juni, watoto wake wakiwa wameshashika.

Na kila Juni, kabla ya kuhamisha vipandikizi, natenga viwili vya kila rangi kwa jirani zangu wawili, mmoja mlimani na mmoja karibu na gati. Mwaka uliopita maji yaliingia uani kwangu usiku, yakabaki hadi asubuhi, na ile nyeupe yangu ya pekee ikaoza na watoto wake wote. Wa mlimani alinikatia tawi kutoka kwenye ya kwake. Hivi sasa liko kwenye kikopo cha mtindi dirishani, lina majani matano.